Mshumaa wa Desemba na Jua Lisiloondoka

Desemba ikikaribia, magrupu ya WhatsApp yanajaa picha zilezile. Mshumaa mnene mwekundu, tawi la msonobari, theluji dirishani, na maneno ya kutakiana heri kwa kuwa mwanga umerudi. Mtu amekaa zake Nyasho, Musoma, feni inazunguka na jasho linamtoka, anamtumia shangazi yake wa Bunda picha ya theluji. Shangazi anajibu kwa emoji ya mikono iliyokutanishwa. Maisha yanaendelea.

Sina ugomvi na picha hizo, nyingine ni nzuri kweli. Na mishumaa ya mapambo nayo imeshaingia kwetu, kiasi kwamba wapo wanachuo wanaoimimina wenyewe kwenye vikombe na vibuyu ili waiuze sikukuu zikikaribia. Lakini sisi tunaosomea ualimu tuna kazi ya ziada, kwa sababu kesho kutwa tutasimama mbele ya watoto wanaouliza maswali. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari wilayani Bunda, mwanafunzi wa kidato cha pili alinifuata baada ya kipindi cha jiografia akaniuliza, "Mwalimu, kwani sisi jua letu linarudi lini?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Alikuwa amesoma kwamba Desemba watu huwasha mishumaa kusherehekea jua linaporudi, akaangalia nje, akaliona jua liko palepale lilipokuwa Juni. Makala hii ni jibu lake, kwa urefu kuliko nilivyoweza kulisema pale mlangoni.

Tuanze na wenye sherehe yao. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi. Kwa hiyo kuna miezi ambayo upande wa kaskazini umelielekea jua, na miezi ambayo umelipa kisogo. Tarehe 21 au 22 Desemba ndipo kisogo kinapofika mwisho. London siku hiyo jua linachomoza saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Mchana mzima haufikii saa 8. Stockholm, Sweden, jua linazama kabla ya saa 9 alasiri. Ukizidi kwenda kaskazini unafika mahali ambapo halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa. Sasa fikiria wakulima wa zamani wa huko, wasio na umeme wala kalenda ya ukutani, wanaliona jua likipungua kila siku tangu Juni. Siku linapoacha kupungua na kuanza kuongezeka, hata kwa dakika moja, ni habari kubwa. Lazima uwashe kitu.

Ndiyo maana katikati ya majira yao ya baridi kumejaa sherehe za moto na mishumaa. Wasweden wana siku ya Lusia, 13 Desemba, ambapo msichana huvaa taji la mishumaa kichwani akitembea gizani asubuhi. Kwa nini 13 na si 21? Kwa sababu katika kalenda ya zamani ya Julius Kaisari, iliyokuwa imepishana na jua, usiku mrefu kuliko wote uliangukia karibu na tarehe hiyo. Warumi nao, mwaka 274, Kaizari wao Aurelian alilipandisha jua cheo, akalijengea hekalu na kuliita Jua Lisiloshindwa. Maandishi ya kale zaidi tuliyonayo yanayoitaja 25 Desemba kuwa siku ya kuzaliwa Yesu yanatoka Roma pia, mwaka 354. Kama Wakristo waliichukua tarehe kutoka kwenye jua, au waliifikia kwa hesabu zao wenyewe, wanahistoria wanavutana hadi leo, na mimi sijipeleki kwenye ugomvi huo. Linalotosha ni kwamba Noeli ilikulia katika nchi ambazo Desemba ni giza, ikabeba mishumaa ya huko, na wamisionari walipokuja kwetu wakaja nayo ikiwa kifurushi kimoja.

Kwetu sasa. Musoma iko nyuzi moja na nusu hivi kusini mwa ikweta. Bunda ni nyuzi mbili, Butiama ipo katikati ya hizo. Ukipiga hesabu, mchana mrefu kuliko yote wa Musoma una takriban saa 12 na dakika 12. Mchana mfupi kuliko yote una saa 12 na dakika 2. Tofauti yote ya mwaka mzima ni dakika 10, muda wa kusubiri chai kwenye mgahawa wa mama lishe. Na huo mchana mrefu unaangukia lini? Ileile 21 Desemba. Yaani siku ambayo wenzetu wanawasha mishumaa kwa sababu giza limefika kileleni, sisi mwanga ndio umefika kileleni. Kama Mara tungetaka kuifuata ile desturi kwa kichwa na si kwa kukariri, mishumaa yetu tungeiwasha mwezi Juni, tena tungesherehekea dakika 10.

Ushahidi kwamba babu zetu walijua jua letu haliendi popote tunao mdomoni kila siku, nao ni saa ya Kiswahili. Tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na tunaanza upya linapozama, saa 12 huku na saa 12 huku. Saa ya namna hiyo inakaa sawa hasa karibu na ikweta. Ipeleke Stockholm uone itakavyovurugika: Desemba "saa moja asubuhi" ya kuhesabu kutoka mapambazuko ingekuwa karibu saa nne, na Juni ingekuwa watu bado wamelala.

Mtu makini atanipinga hapa. Atasema, mbona Februari tukiwa sekondari tulikuwa tunatoka nyumbani giza bado, na Novemba njia ilikuwa nyeupe muda uleule? Yuko sahihi. Musoma mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza kama saa 12:25 asubuhi, na katikati ya Februari huchelewa hadi karibu saa 12:55. Lakini angalia na jioni: Februari jua huzama baada ya saa 1 usiku, Novemba huzama kama saa 12:35. Mchana haukufupika, umesogea tu wote kwa pamoja, kama mtu anayehamisha kitanda bila kukikata miguu. Kinachousogeza ni mwendo wa dunia, ambao hauko sawa mwaka mzima, pamoja na ule mwinamo wake. Juu ya hapo, saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa longitudo 45 unaopita Somalia, wakati Musoma iko karibu na 34, ndiyo maana adhuhuri yetu ya kweli, jua linapokuwa juu kabisa, hufika kama saa 6:45 mchana badala ya saa 6 kamili.

Kitu kinachobadilika kweli angani kwetu ni upande. Chukua fimbo ya mita moja, isimamishe wima kwenye uwanja wa shule kati ya saa 6:40 na 6:50 mchana. Tarehe 21 Desemba kivuli kitaelekea kaskazini, kikiwa na urefu wa kama sentimita 40. Tarehe 21 Juni kitaelekea kusini, sentimita 46 hivi. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kivuli kinakaribia kupotea kabisa, jua liko utosini. Jua letu linapita juu ya vichwa vyetu likienda kusini, linapita tena likirudi kaskazini, na katika safari hiyo yote halitupunguzii mwanga. Yule mwanafunzi wa Bunda angepewa fimbo na mwaka mmoja wa kupima, angeelewa zaidi kuliko mchoro wowote wa kitabuni. Vifaa vya somo hili ni bei ya bure.

Basi kama jua haliendi, je, sisi hatuna mwanga unaoondoka na kurudi? Tunao, ila ni mwezi. Mtu yeyote aliyelala Musoma karibu na ziwa anaujua ule mji unaotokea juu ya maji usiku: mamia ya taa za wavuvi wa dagaa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa hufuata taa, na taa inavuta vizuri pale tu mbingu ikiwa nyeusi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, wanashona nyavu, na bei ya dagaa inabadilika. Giza likirudi, mji wa juu ya maji unawaka tena. Hiyo ni kalenda ya siku 29 na nusu, na chakula cha mkoa mzima kinaifuata. Waislamu wa Musoma nao wanautafuta mwezi mwandamo kwa macho ili wafunge na wafungue, na Wahindu popote walipo katika miji yetu huwasha taa za Diwali katika usiku usio na mwezi wa Oktoba au Novemba. Kwa hiyo ukitaka sikukuu ya kurudi kwa mwanga inayolingana na anga la Ziwa Viktoria, iangalie huko kwanza.

Halafu kuna mwanga mwingine unaorudi, wala hauna tarehe. Umeme ukikatika mtaani saa mbili usiku na ukarudi saa nne, unasikia mtaa mzima, watoto na wazee, "Umerudiii!" Sijawahi kusikia kanisa lolote likiimba kwa umoja kama ule. Mshumaa kwetu umekaa hasa kwenye hizo saa mbili. Unanunuliwa dukani kwa mmoja mmoja, unagandishwa kwenye kifuniko cha soda, unawekwa juu ya kabati. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilianza kuzalisha umeme Februari 2024, na mgao ule mkali umepoa. Lakini droo za nyumbani kwetu bado zina vipande vya mishumaa, kwa sababu watu wana kumbukumbu.

Jina hilo la bwawa linanipeleka Butiama, na hapo hadithi ya mshumaa inakuwa yetu kabisa.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akasoma Mwisenge mjini Musoma, na alibatizwa misheni ya Nyegina, nje kidogo ya mji, tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21 aliyekwishaanza Makerere. Katika ubatizo wa Kikatoliki mtu hukabidhiwa mshumaa unaowaka. Sitaki kujifanya najua alichokuwa anafikiri siku hiyo. Lakini tarehe 22 Oktoba 1959, ndani ya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, alitoa ile kauli tunayoikariri tangu shule ya msingi: kuwasha mwanga, kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hadi nje ya mipaka, ulete tumaini penye kukata tamaa, upendo penye chuki na heshima penye dharau. Sasa, wengi hawajui kwamba siku ile alizungumza Kiingereza, na neno alilotumia halikuwa mwenge. Alisema mshumaa. Ni sisi, kwa Kiswahili, tuliougeuza kuwa mwenge, na nadhani tulifanya vyema, maana mshumaa kwenye upepo wa kilele kile usingemaliza hata dakika. Usiku wa uhuru, 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge hadi kileleni. Mbio za Mwenge wa Uhuru zimetokana na hapo, na miaka ya karibuni kilele chake kimekuwa 14 Oktoba, siku Mwalimu alipofariki mwaka 1999.

Kwa hiyo Tanzania Bara ina sherehe yake ya mwanga ya Desemba, yenye mshumaa ndani yake, na haikuazima theluji ya mtu. Giza lililosemwa pale lilikuwa la watu kudharauliwa katika nchi yao. Inashangaza kidogo kwamba kijana wa Mara anaweza kukueleza habari za msonobari na asijue kwamba mshumaa maarufu kuliko yote katika historia ya nchi hii uliwashwa kwa maneno na mtu wa Butiama.

Kanisani nako tusipaache, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoona mishumaa iliyopambwa kwa mikono. Parokia za majimbo ya Musoma na Bunda, Bunda likiwa jimbo lililozaliwa mwaka 2010 tu, huweka shada la Majilio mbele ya altare wiki nne kabla ya Noeli: mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi unaowashwa Jumapili ya tatu. Kila Jumapili unaongezwa mmoja. Wasabato, ambao ni wengi Mara, hawana desturi hiyo, kwa hiyo nusu ya darasa lako inaweza kuwa haijui unazungumzia nini. Kilichonifurahisha mimi ni asili yake. Shada hilo halikutungwa na papa wala askofu. Mwaka 1839, Hamburg, Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri aitwaye Johann Hinrich Wichern alikuwa anatunza watoto maskini katika kituo cha Rauhes Haus, na watoto walimchosha kwa kuuliza kila siku Noeli ni lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu ya siku za kawaida na minne mikubwa myeupe ya Jumapili. Kila siku mmoja unawashwa, watoto wanahesabu wenyewe. Kwa maneno yetu ya darasani, hiyo ni zana ya kufundishia. Wakatoliki waliichukua baadaye sana. Mtoto wa Butiama anaweza kulitumia shada bila kudanganywa kuhusu jua, kwa sababu linahesabu siku, na siku zipo kila mahali.

Kuna jambo moja linaloniwia gumu kuandika katikati ya habari za mapambo. Agosti 2009, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, liliungua usiku, wakafa wanafunzi 12. Taarifa za wakati ule zilisema moto ulianzia kwenye mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa anajisomea. Anajisomea, jamani. Hakuwa mtundu. Tukiwa chuoni tunauona mshumaa wenye harufu ya vanila kuwa urembo, na tunaweza kuuona hivyo kwa sababu swichi ipo ukutani. Mwenzetu wa kijijini asiye na swichi, mshumaa na kibatari ni tochi yake ya kujifunzia, chini ya chandarua, juu ya godoro la sponji. Ndiyo maana hosteli nyingi zinakataza mishumaa vyumbani, na mimi naunga mkono katazo hilo hata kama linatuharibia picha za Instagram. Taa ndogo ya sola kwa mtoto anayesoma usiku ni zawadi bora ya Desemba kuliko mshumaa wowote nitakaoueleza hapa chini. Mshumaa wa mapambo ni wa mezani, sebuleni, watu wakiwa macho.

Baada ya kusema hivyo, naomba nikueleze unavyofanya kazi na unavyotengenezwa, maana ni kitu kizuri kukijua.

Wengi wanadhani kinachoungua ni utambi. Utambi ni njia tu. Joto la mwali linayeyusha nta, nta iliyoyeyuka inapanda kwenye nyuzi za utambi kama chai inavyopanda kwenye andazi ulilochovya ncha yake, ikifika juu inageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Utaona kwa macho: zima mshumaa kwa kuupuliza taratibu, kisha haraka peleka kiberiti kinachowaka kwenye ule moshi mweupe, sentimita mbili au tatu juu ya utambi. Mwali utaruka kushuka na kuwasha utambi bila kuugusa. Darasa litapiga kelele. Kisha shika glasi baridi juu ya mwali kidogo, ndani itafanya ukungu: ni maji, yametoka kwenye moto. Pitisha kijiko kwenye sehemu ya njano, kitapata masizi: ni chembe za kaboni, zilezile zinazong'aa na kuupa mwali rangi yake. Mwanasayansi Michael Faraday alifundisha mambo haya kwa mshumaa mmoja tu, katika mihadhara ya Noeli ya vijana kule Royal Institution, London, mwaka 1848 na tena 1860. Alikuwa na maabara nzima nyuma yake na bado akachagua mshumaa. Shule isiyo na maabara haina kisingizio hapo.

Utengenezaji sasa. Nta bora ni ya nyuki. Asali ikishakamuliwa, masega yanachemshwa ndani ya maji, yanachujwa kwa kitambaa, na mchuzi ukipoa nta inaelea na kuganda juu kama sahani ya manjano. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi na ina harufu yake nzuri, haihitaji manukato. Isipopatikana, kusanya vipande vya mishumaa iliyobaki. Hivyo ni parafini, inayotokana na mafuta ghafi ya petroli, na huyeyuka kwenye joto la chini kidogo au linalolingana na hilo. Usiweke nta kwenye moto moja kwa moja. Weka kopo la nta ndani ya sufuria yenye maji, moto uchemshe maji, maji yayeyushe nta. Hivyo joto haliwezi kupita lile la maji yanayochemka, na nta haitashika moto. Ikitokea imeshika, funika kwa mfuniko, zima jiko. Kamwe usimwagie maji, italipuka na kukurukia usoni.

Utambi ni uzi wa pamba, na mtu wa Bunda hapaswi kuuagiza mbali, pamba analima jirani yake. Suka nyuzi tatu kama unavyosuka nywele, zichovye kwenye nta, zinyooshe zikauke. Kusuka siyo urembo: tangu mwaka 1825, Mfaransa Cambacérès alipoanzisha utambi wa kusukwa, mishumaa iliacha kuhitaji kukatwa utambi kila mara, kwa sababu uliosukwa hujipinda ukiungua, ncha inatoka nje ya mwali na kujimaliza yenyewe. Utambi ukiwa mnene sana mshumaa unatoa moshi. Ukiwa mwembamba unazama kwenye nta yake na kuzimika. Jaribu mitatu kabla hujatengeneza ya kuuza. Rangi ya chakula usihangaike nayo, ni ya maji na haichanganyiki na nta. Krayoni inachanganyika lakini inaziba utambi. Tafuta rangi inayoyeyuka kwenye mafuta, au acha nta na rangi yake. Kujua kiasi, jaza chombo chako maji, yapime, kisha kwa kila mililita 100 andaa gramu 90 za nta.

Mapambo yanayonivutia mimi kwa Musoma ni ya mchanga wa ziwani. Jaza beseni mchanga uliolowa kiasi, uwe unashikana ukiuminya mkononi. Chimba shimo kwa kubonyeza bakuli, kikombe, au mkono wako wenyewe ukitaka umbo la ajabu. Simamisha utambi katikati ukiwa umefungwa kwenye kijiti kilicholala juu ya shimo. Mimina nta polepole, ukipitisha kwenye mgongo wa kijiko ili isibomoe kingo. Nta yenye joto zaidi hunywewa na mchanga zaidi, hivyo ganda la nje linakuwa nene; iliyopoa kidogo hutoa ganda jembamba. Katikati patadidimia ikiganda, ongeza nta kidogo. Acha usiku kucha. Asubuhi fukua, pangusa mchanga uliolegea kwa brashi ya viatu iliyo safi, na utapata kitu kinachofanana na jiwe la ufukweni lenye moyo wa nta. Usikipambe kwa majani makavu wala utepe karibu na mwali, hata kama kwenye picha za mtandaoni wanafanya hivyo. Kiweke juu ya sahani ya udongo, mbali na pazia, na kikate utambi ubaki kama nusu sentimita kabla ya kukiwasha.